Kanuni ya Tano ya Boti ya Lukali

Usifungue injini kabla mzee hajasimama.

Mlilisikia neno hilo jana kwenye kikao cha maji, mkaangua kicheko, kisha leo mmekuja kuuliza ni injini gani na ni mzee gani. Kuuliza ni vyema. Kucheka kabla ya kuuliza si vyema. Basi chimbuko la methali hii ni kama nitakavyoeleza, na yeyote anayetaka kuitamka mbele za watu aijue kwanza yote, asiishike mkia akaacha kichwa.

Kijiji cha Lukali kimebanwa kati ya milima na Ziwa Nyasa, na enzi hizo hakikuwa na barabara. Mgonjwa aliyezidiwa alipelekwa hospitali ya misheni huko Mtanda, ng'ambo ya ghuba, kwa mtumbwi wa kasia. Safari hiyo ilikula mchana mzima ziwa likiwa limetulia. Likichafuka, Mungu ndiye aliyejua. Tekla, binti pekee wa Mwalimu Otmari Ndunguru, alimpoteza mtoto wake wa kwanza katikati ya safari hiyo. Aliposhika mimba ya pili, muuguzi alimwambia bila kuzunguka: asithubutu kujifungulia kijijini, na uchungu ukianza wasingoje hata saa moja.

Hapo ndipo kijiji kilipokata shauri la kununua injini ya boti.

Mwalimu Otmari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya boti, kama alivyokuwa mwenyekiti wa karibu kila jambo lililohitaji mtu mnyoofu. Alikuwa amefundisha shule ya Lukali miaka thelathini na mmoja. Hapakuwa na mtu wa chini ya umri wa miaka arobaini ambaye hakupita mikononi mwake, na wengi walipita pia chini ya fimbo yake. Aliandika kanuni nne za boti kwa mkono wake mwenyewe, na ya nne ilisema kwamba injini isipokelewe mpaka mwenyekiti amesafiri nayo hadi Jiwe la Mwewe na kurudi, akajionea kwa macho yake. Injini yenyewe ilikuwa kuukuu, ya nguvu za farasi kumi na tano, iliyokwisha kutumikia wavuvi miaka mingi. Muuzaji aliwapa siku nane: ikiwafaa, ni yao, isipowafaa, wairudishe kabla siku hizo hazijatimia.

Seremala akaitayarisha boti ya mbao. Kwa kuwa si adabu mtu mzima kurushiwa maji, alipigilia upande wa nyuma, mbele kidogo ya nahodha, ubao mpana wenye godoro dogo la sufi. Hicho kikawa kiti cha Mwalimu. Mbele wangekaa watoto na mizigo, katikati watu wengine, na nyuma pakavu, mkubwa wao. Hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo.

Siku ya majaribio ya kwanza Mwalimu alivaa koti, akaketi kitini pake, akamwamuru nahodha aondoke. Nahodha alikuwa Longini, kijana wa makamo, mpole, mwanafunzi wake wa zamani. Boti ilitoka ufukweni taratibu, nayo ikaenda vizuri. Walipofika kwenye maji mapana Longini aliongeza moto, na boti ikainua pua kama ng'ombe aliyesikia harufu ya chumvi. Mwalimu akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kabla hajamaliza kutabasamu, injini ikakohoa, sauti ikashuka, boti ikaanza kujikokota. Longini akapunguza moto. Injini ikapata nafuu. Akaongeza tena; baada ya muda mfupi ikakohoa tena. Hivyo ndivyo walivyokwenda mpaka Jiwe la Mwewe na kurudi, wakipitwa na mitumbwi ya kasia, na wapiga kasia wakiwapungia mikono kwa heshima iliyozidi kiasi.

Fundi Burkadi alikuwa akiwangoja ufukweni. Huyu ndiye aliyeichagua injini ile, na sifa yake ya ufundi ilitegemea injini hiyo.

"Ikoje, Mwalimu?"

"Polepole ni malaika. Ikitakiwa kukimbia, inakata tamaa."

"Hiyo ni plagi," alisema Burkadi, akakunja mikono ya shati.

Akazitoa plagi, akazisugua, akazirudisha. Kisha yeye na Longini wakatoka kuijaribu, Mwalimu akibaki nchi kavu na saa yake mkononi, kwa maana kujaribu kazi ya fundi si kazi ya mwenyekiti. Boti ikaruka juu ya maji. Ilikwenda na kurudi kwa nguvu zote bila kukohoa hata mara moja. Watu wakapiga vigelegele.

"Sasa tutaipokea kwa mujibu wa kanuni," alisema Mwalimu. Kesho yake akapanda, akaketi, wakaondoka. Walipofika kwenye maji mapana, injini ikakohoa.

Burkadi akasema ni petroli chafu. Akamwaga yote, akaleta nyingine, akaichuja kwa kitambaa cheupe mbele ya mashahidi. Akatoka na Longini: boti ikaruka. Akatoka Mwalimu na Longini: boti ikajikokota. Burkadi akaufungua moyo wa injini, akapuliza vitundu vyake vyote kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Akakagua feni, lile panga linalosukuma maji, kama imelegea. Akatazama maji yanayotoka ubavuni kuona kama injini inapoa. Kila kitu kilikuwa sawa. Alipoijaribu, ikaruka, alipopanda Mwalimu, ikakohoa.

"Wewe Longini," Burkadi aliuliza siku ya nne, jasho likimtiririka, "ilipopungua nguvu ulikibinya kile kipampu cha mkono, kilicho kwenye mpira wa mafuta?"

"Sikukifikia, fundi."

"Mbona hukukifikia? Mkono wako mfupi?"

Longini alimtazama Mwalimu, kisha akatazama ziwa. "Mawimbi," alisema.

Ziwa siku hiyo lilikuwa limelala kama maji ya kwenye beseni.

Mwalimu Otmari alikuwa mtu wa hesabu. Alijifungia chumbani mwake akalipanga jambo lile kama alivyozoea kupanga maswali ubaoni. Injini ni ile ile, boti ni ile ile, nahodha ni yule yule, petroli ni ile ile. Kinachobadilika ni nini? Akajibu: uzito. Yeye hakuwa mtu mwembamba. Moyo ukamtulia, akaamuru vipakiwe viroba sita vya mchanga, uzito wa watu wanne kama yeye. Vijana wakavipanga katikati ya boti. Kuna mmoja aliyetaka kuweka kimoja juu ya kiti cha nyuma, wenzake wakamkemea, "Kiroba juu ya kiti cha Mwalimu? Una akili?" Kikawekwa pamoja na vingine. Longini akaondoka na viroba vyake sita, akaongeza moto, na boti ikaenda mpaka Jiwe la Mwewe na kurudi ikinguruma kama simba.

Mwalimu alisimama ufukweni, saa mkononi, asijue aitazame saa au aitazame boti. Hesabu ilikuwa imekataa. Injini ilibeba mchanga wa watu wanne kwa furaha, ikashindwa kumbeba yeye mmoja.

Maneno yakaanza kutembea kijijini. Wapo waliosema injini ile inaogopa walimu. Wapo waliosema kwa sauti ya chini zaidi kwamba Mwalimu ana nuksi, na kwamba hata mtoto yule wa kwanza wa Tekla alifia kwenye mtumbwi ambao babu yake alikuwa amepanda. Neno hilo lilimfikia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewachapa watoto waliosema bundi huleta kifo. Sasa alijikuta usiku anahesabu safari zote alizowahi kufanya maishani, akitafuta ni ngapi zilikwisha vibaya. Hakumwambia mtu. Alikunywa uji wake asubuhi bila kujua kama umetiwa chumvi.

Siku ya sita Longini alimwendea, kofia mkononi.

"Mwalimu, nimeonelea leo ukae mbele. Mbele unaona mandhari vizuri."

"Mbele hukaa mizigo na watoto, Longini."

"Ndiyo, Mwalimu. Au katikati, kuna upepo mwanana."

"Upepo nina wa kunitosha nyumbani. Endesha boti."

"Ndiyo, Mwalimu."

Injini ikakohoa siku hiyo pia. Basi jioni ya siku ya saba Mwalimu aliketi na kamati, akatamka kwa sauti kavu kwamba kesho injini itarudishwa kwa muuzaji, kwa kuwa ni injini isiyo na kauli moja. Burkadi aliinamisha kichwa kama mtu aliyehukumiwa. Tekla alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo. Aliwatazama tu, akaondoka, na baba yake alimsikia akiburuta ndala mpaka nyumbani kwake.

Kesho yake jua lilipokuwa linachomoza, wiki mbili kabla ya siku zake, uchungu ukamshika.

Hapakuwa na muda wa kikao. Injini ilikuwa bado imefungwa kwenye boti, tayari kurudishwa. Safari yake ikabadilishwa. Wakamlaza Tekla juu ya mkeka katikati. Bibi Eusta, mkunga wa kijiji, akapanda kukaa naye. Bibi huyu ukoo wake na ukoo wa akina Ndunguru ni watani tangu mababu: huzikana, hutaniana hadharani, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Burkadi naye akapanda, mfuko wa spana begani, ikiwa mara yake ya kwanza kuwa ndani ya boti pamoja na Mwalimu. Longini akavuta kamba ya kuwashia. Mwalimu Otmari aliingia wa mwisho, watu wakampisha, akaketi kitini pake.

Mpaka nusu ya ghuba walikwenda taratibu, maana Longini hakuthubutu kuongeza moto. Kisha mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukaanza kuamka, maji yakaota meno meupe, na Tekla akatoa sauti ambayo Bibi Eusta hakuipenda.

"Nahodha, kwa mwendo huu tutafika na nini?" aliuliza bibi. "Kimbiza!"

Longini akaongeza moto. Boti ikainua pua, ikakimbia kwa kitambo kifupi, watu wote wakiwa wamezuia pumzi. Injini ikakohoa. Sauti ikashuka.

"Ongeza!"

"Nimefika mwisho, bibi."

"Zima!" alipaza sauti Burkadi, tayari na spana mkononi. "Zima niifungue. Safari hii nitaona kiini chake."

"Uifungue hapa, katikati ya maji?" Mwalimu aliuliza. "Skrubu moja ikidondoka ziwani?"

"Nifanyeje basi, Mwalimu? Sijui! Naapa mbele ya mtoto huyu anayekuja, sijui!"

Na Mwalimu naye hakujua. Alimtazama binti yake, akaitazama injini, akaitazama Mtanda iliyokuwa bado mstari wa buluu, na kitu pekee kilichomjia kichwani ni lile neno la nuksi. Akafikiri: nikijitupa majini, boti itakimbia. Alilifikiri hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefanya hesabu ya kutoa.

"Hiki kidude ni cha nini?" Bibi Eusta aliuliza.

Alikuwa amepiga magoti kando ya Tekla, macho yake yakiwa sawa na viatu vya Mwalimu. Katikati ya viatu hivyo, juu ya mpira mweusi uliotoka kwenye tangi, palikuwa na kipampu cha mkono.

"Hicho husukuma mafuta, bibi," Burkadi alijibu. "Kikilegea, binya."

Kwa muda wa siku saba hakuna mkono uliothubutu kupita katikati ya miguu ya Mwalimu Otmari. Bibi Eusta aliupitisha wa kwake kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku.

"Bibi!" alisema Mwalimu.

"Tulia, mtani, sikuibii kitu. Fundi, hakibinyiki. Kigumu kama kokwa."

Burkadi aliganda. "Kigumu?"

"Kimeshiba pomoni. Na mwenzake kule nyuma anakufa njaa." Mkono wa bibi ulizidi kuufuata mpira taratibu, kiungo kwa kiungo, mpaka ukafika chini ya ubao wenye godoro la sufi, hapo ukakwama. Bibi Eusta aliinua uso. "Otmari mtani wangu, inua makalio."

Injini ikakohoa.

"Unasemaje?"

"Makalio. Hayo ya ukoo wenu. Umeyakalisha juu ya chakula cha injini!"

"Mwanamke, hii si saa ya utani!"

"Baba," alisema Tekla kutoka mkekani, meno yameumana, "simama."

Mwalimu Otmari alisimama. Alisimama akiyumba, mkono mmoja kwenye bega la fundi, na ubao ule, uliokuwa umepinda katikati kwa uzito wake, ukanyooka. Mpira wa mafuta uliokuwa umebanwa chini yake ukapumua. Injini ilikohoa mara ya mwisho, kisha ikanguruma, na boti ikaruka mbele kwa nguvu hata Mwalimu akaanguka kwa makalio yale yale ndani ya maji ya sakafuni, koti na yote.

"Kaa hapo hapo!" alipiga kelele Bibi Eusta. "Ukirudi juu nakutosa!"

Akakaa hapo hapo. Alisafiri mpaka Mtanda akiwa ameketi kwenye maji machafu, kichwa cha binti yake kikiwa mapajani pake, kiti chake cha sufi kikiwa kitupu mbele ya macho yake. Kila alipokitazama alielewa zaidi. Viroba sita vilikaa katikati. Fundi hakujaribu naye hata siku moja. Ikienda polepole injini hula mafuta kidogo, na kidogo hicho kiliweza kupenya. Swali lote lilikuwa rahisi kuliko hesabu ya darasa la pili, na jibu lake alikuwa amelikalia.

Tekla alipasuliwa saa ile ile walipofika. Mtoto alikuwa amelala kikingamo; alitoka wa kike, analia kwa hasira. Mama na mtoto wakapona.

Wakati wa kurudi, Burkadi alijikohoza. "Mwalimu, mimi na Longini tumeshauriana. Kijijini tutasema ni uchafu kwenye mafuta. Kila injini kuukuu ina uchafu. Bibi Eusta naye tutamwomba."

"Mimi mniombe mpaka jua lizame," alisema bibi.

Mwalimu, aliyekuwa ameketi katikati kama abiria yeyote, aliendelea kukitazama kiti cha nyuma.

Jumapili baada ya ibada kijiji kilikusanyika kusikia habari ya injini. Burkadi alikuwa amefungua kinywa, "Ndugu zangu, uchafu…", ndipo Mwalimu Otmari aliposimama.

"Uchafu haukuwepo," alisema. "Injini haina kosa. Fundi hana kosa. Mimi nilikuwa nimekalia mpira wa mafuta, siku saba, na ninyi mkatafuta ubovu kwenye chuma." Kisha akageuka. "Longini. Ulijua?"

Longini akainuka, kofia mkononi. "Nilidhani, Mwalimu. Tangu safari ya pili. Sikuwa na hakika."

"Na kiroba nacho hukukiweka pale kitini, upate hakika?"

"Vijana walikataa, Mwalimu. Ni kiti chako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, Mwalimu? Nikiwa darasa la tatu nilimwambia mkaguzi asogee, alikuwa amekalia daftari langu. Ulinichapa sita."

Kicheko kilianza nyuma, kikafa njiani, maana Mwalimu hakucheka.

"Nilikuchapa kwa haki," alisema, "kwa sababu ulisema bila adabu. Lakini sikukufundisha baada ya hapo maneno ya adabu ya kumwinua mkubwa alipokaa pabaya. Niliwafundisha wote namna ya kumpisha mtu mzima, sikumfundisha hata mmoja namna ya kumsimamisha. Hilo ni kosa la mwalimu, na lilikuwa karibu kumuua mwanangu."

Akamwagiza karani wa kamati afungue kitabu cha kanuni, akamsomea polepole, kama mtu anayetoa imla: "Kanuni ya tano. Injini ikipungua nguvu, nahodha atasema, 'Wakubwa, tunaomba msimame.' Wakubwa watasimama bila kuuliza. Fundi asifungue injini kabla mzee hajasimama."

"Na makalio uyaandike!" alidakia Bibi Eusta, na hapo ndipo kijiji kilipocheka, na Mwalimu akiwemo.

Kanuni nne za kwanza watu wamezisahau. Ya tano ilitoka kwenye boti ikaingia nchi kavu. Shule ilipofaulisha watoto watatu tu, na wazazi wakaanza kuwalaumu watoto, mtu mmoja aliitamka, na mwalimu mkuu mwenyewe akainuka kitini. Kwaya ilipopoteza sauti, ikatamkwa, na mshika fimbo wa kwaya akainuka. Haikusemwa kwamba kila mzee ana kosa. Wengi walisimama, ikaonekana hawakukalia kitu, wakaketi tena na heshima yao yote. Lakini kutafuta ubovu huanzia pale ambapo mikono yetu huona haya kupita. Na mkubwa mwenye hekima hangoji kuambiwa. Akisikia injini inakohoa, huinuka mwenyewe.

Basi mkiitamka tena, itamkeni kwa utaratibu, na kofia ikiwa mkononi: usifungue injini kabla mzee hajasimama.